Fulashi Alipanda Puto, Kiti Kikabaki na Kesi

Daftari, mwalimu mstaafu, alikunja gazeti mara mbili, akasafisha koo kana kwamba darasa bado liko mbele yake, akasoma: "Puto la hewa moto lapita juu ya mji. Abiria sita washangilia."

"Watano," akasema Mashine. "Wa sita ni porojo za Fulashi."

Benchi zima likaangua kicheko. Fulashi, mpiga picha za pasipoti, alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, mgongo unamuuma kama kawaida. Miaka ishirini ya kuinamia kamera si mchezo. Hapo barazani kwa kinyozi palikuwa na benchi, ndoo, na kiti kimoja tu cha kuegemea, nacho kilikuwa cha Mashine, kinyozi mwenyewe. Wiki iliyopita Fulashi alipotamba kwamba rubani wa puto ni mteja wake na amemwalika kupanda bure, Mashine alijipiga kifua mbele ya mashahidi: "Wewe ukipanda stuli unashika ukuta! Niletee picha ya mji huu kutoka juu, kiti chako. Usipoleta, ndoo ni yako mpaka uzeeke."

Leo ndiyo siku ya hukumu. Fulashi alikuwa na kamera shingoni na bahasha mapajani.

"Nilipanda, jamani," alisema. "Tulikwenda juu mpaka kunguru wakawa wanapita chini yetu, wanainua macho kunishangaa."

"Walisemaje hao kunguru?" aliuliza Shangazi Pindo, fundi cherehani, pini tatu mdomoni.

"Walinipa shikamoo."

"Mwaga picha!" alisema Mashine, akaegemea kiti kwa makusudi mpaka kikatoa mlio. Kofia yake ya sufu ilikuwa kichwani kama siku zote, jua liwake mvua inyeshe. Nyuma yake, dirishani, vilipangwa vichupa vya mafuta ya kuotesha nywele anayoyachemsha mwenyewe, kila kimoja kimeandikwa kwa mkono: *Yamejaribiwa na mwenye saluni.*

Fulashi akamimina picha kwenye benchi. Zilikuwa vichwa. Vichwa vitupu, vidogo vidogo, vimepangwa vinne vinne, nyuma kweupe pee.

Daftari akavaa miwani. "Fulashi, huyu nani?"

"Rubani."

"Na huyu?"

"Mke wa daktari wa meno. Tulikuwa naye kikapuni."

"Sasa mawingu yako wapi?"

"Nyuma ya kitambaa."

"Kitambaa gani tena?"

"Cheupe. Mimi siendi kazini bila kitambaa. Abiria wawili walinishikia, mmoja huku, mmoja kule. Upepo ulitusumbua kweli."

Shangazi Pindo alitoa pini mdomoni kwanza, asije akazimeza, ndipo akacheka mpaka kanga ikamteleza begani. "Mwanangu! Umepelekwa mbinguni mzima mzima, unawaambia watu wasicheke?"

"Na masikio yaonekane," alisema Fulashi kwa sauti ndogo. "Nilijaribu, Shangazi. Kila nikielekeza kamera chini, macho yanajifumba. Nikaona bora nifanye ninachokijua."

Hakuwaambia kwamba huko juu alilia kwa furaha mpaka kioo cha kamera kikaloa. Angewaambiaje, na ushahidi wake ni masikio kumi na mawili?

"Ndoo! Ndoo! Ndoo!" Mashine alikuwa anapiga makofi.

"Subiri!" Fulashi akawasha kamera, akabonyeza, akabonyeza tena. "Kuna moja sikuichapisha, nilidhani imeharibika. Rubani alifungulia moto, ukanguruma juu ya utosi wangu, nikashtuka, kidole kikabonyeza chenyewe. Hii hapa! Mji! Wallahi mji huu!"

Mashine aliinyakua kamera, akaikuza picha, tabasamu la ushindi bado liko usoni. Fulashi akachungulia begani kwake. Mapaa yalionekana, barabara ilionekana, na baraza hii hii na ndoo yake. Nyuma ya saluni kulikuwa na ua, taulo zimeanikwa kwenye kamba, na katikati ya taulo mwanamume amekaa kwenye kigoda. Kofia ya sufu iko gotini. Mkono mmoja umeshika kichupa, unamimina mafuta juu ya kichwa kisicho na unywele hata mmoja, kimetakata kama sahani iliyooshwa.

Tabasamu la Mashine likayeyuka. Alimtazama Fulashi, Fulashi akamtazama. Kisha Mashine akasimama, akatoa taulo begani, akafuta kiti vizuri, mpaka miguu yake.

"Kaa, kaka yangu," alisema. "Amepanda, jamani. Nimeona kwa macho yangu."

"Tuone na sisi!" walipiga kelele Daftari na Shangazi Pindo.

Fulashi alikuwa ameshaketi. Aliegemeza mgongo taratibu, pingili baada ya pingili, akahisi raha ile ile ya kule juu. Akazima kamera.

"Haikutoka vizuri," alisema. "Kuna kitu kiling'aa mno."

"Bati?" aliuliza Daftari.

"Siyo bati, Mwalimu."

Mashine, sasa juu ya ndoo, alivuta kofia mpaka kwenye nyusi.

"Basi tuachane nayo," alisema Daftari, akijipapasa utosi wake kwa matumaini. "Mashine, niwekee kichupa kingine. Naona huku nyuma yameanza kushika."

Fulashi akauma mdomo. Mabega yalikuwa yanatikisika.

"Na wewe Fulashi, mpige Mashine picha akiwa kwenye ndoo," alisema Shangazi Pindo. "Iwe kumbukumbu!"

"Ningempiga, Shangazi," alisema Fulashi, akinyoosha kitambaa chake cheupe. "Lakini picha za pasipoti lazima mtu avue kofia."

"Nina mteja ndani!" alisema Mashine, akaingia saluni mbio, akafunga na mlango.

Saluni ilikuwa tupu tangu asubuhi.