Mzee Mwenye Ndevu Jaladani

Jumatatu, 11 Agosti. Mampong.

Mama Mkubwa Dufie anazikwa Jumamosi. Kwenye kikao cha ukoo nimejitolea kutengeneza kijitabu cha mazishi. Nilisimama haraka, kabla binamu yangu Pokuaa hajafungua mdomo. Mjomba Agyekum, mkuu wa ukoo, anatafuta katibu mpya, na kijitabu kizuri kitamfumbua macho. Pokuaa akasema yuko tayari kunisaidia kuchapa. Nikamwambia asihangaike. Yeye huchapa neno kwa neno, kama mtu anayechagua mawe kwenye mchele. Mimi nina njia ya mkato.

Jumanne, 12 Agosti.

Nimepata wasifu mtamu ajabu mtandaoni. Marehemu ni mwalimu mkuu mstaafu wa mji wa Sekondi. Ana ukurasa wake wa kumbukumbu: maua pembeni, fremu ya dhahabu, picha kubwa juu. Nimeuhifadhi ukurasa mzima kwenye kompyuta, nikaufungua kwa programu ya kuandikia barua. Kilichobaki ni kumtoa mwalimu na kumweka Mama Mkubwa, aliyekuwa mkunga. Bando limeisha. Si kitu. Ukurasa ninao.

Jumatano, 13 Agosti.

Ukurasa hautaki. Maneno yote yamo ndani ya visanduku visivyoonekana. Nikiongeza jina la mtoto mmoja wa marehemu, maua yanahamia ukurasa wa pili. Nikilifuta jina, maua hayarudi. Aya ya ubatizo ni ya bluu na ina mstari chini. Nikiigusa, kompyuta inataka kunipeleka mtandaoni. Katikati ya sala kuna maneno "Bofya hapa, viatu bei poa". Nikiyafuta, sala nayo inaondoka. Mwishowe nimeyapaka rangi nyeupe. Karatasi ni nyeupe, nani atayaona?

Picha ya mwalimu haikuja. Imebaki huko huko mtandaoni, na mahali pake pana kisanduku kitupu chenye alama nyekundu ya X. Afadhali. Nimeweka picha ya Mama Mkubwa juu yake, ikakaa kama mfuniko juu ya chungu.

Jioni Pokuaa alipita, akauliza kama anaweza kukisoma kabla hakijaenda kwa mpiga chapa. Nikafunga kompyuta. Nikamwambia aende akale, fufu yake itapoa.

Alhamisi, 14 Agosti.

Nimempelekea faili Bwana Ntow, mpiga chapa. Duka lake lina mtandao wa kasi, kila kitu kinafunguka papo hapo. Aliniuliza kama nataka kuona nakala ya kwanza. Wakati huo huo Pokuaa akaingia na karatasi za nyimbo za kanisani mkononi, shingo imeshaanza kurefuka kuelekea kwenye kioo cha kompyuta. Nikasimama katikati. Nikamwambia Ntow achape vyote na avifunge kwenye maboksi. Akauliza tena kama nina hakika. Nikajibu nimekikagua mwenyewe, herufi kwa herufi.

Ijumaa, 15 Agosti.

Maboksi yamo chumbani kwangu. Pokuaa ameomba kijitabu kimoja tu. Nimekalia boksi mpaka alipoondoka.

Jumamosi, 16 Agosti.



Watu walijaa chini ya maturubai, nguo nyeusi na nyekundu kila upande. Niligawa vijitabu mwenyewe, nikianzia kwa wazee. Nilisubiri sifa. Ikaja minong'ono.

Jaladani, ndani ya fremu ya dhahabu, mzee mwenye ndevu na miwani anatabasamu. Chini yake: "Mama yetu, mkunga wetu." Mama Mkubwa mwenyewe amesukumwa hadi ukurasa wa sita, kabanwa kati ya wimbo na shukrani, mdogo kama stempu. Sala ina pengo la kupitisha mbuzi. Sasa naelewa. Kule kwa Ntow kulikuwa na mtandao. Kisanduku kitupu kilivuta chenyewe picha ya mwalimu, ikamsukuma Mama Mkubwa.

Mwanamke mmoja nyuma yangu akamwambia mwenzake kumbe Mama alikuwa na mume wa kwanza. Habari ilipofika turubai la pili, mume huyo alishapata jina na watoto wawili.

Baba Gyasi, mume wa Mama Mkubwa, aliniita kwa kidole.

"Yaw, mwanangu. Huyu ni nani?"

"Simjui, Baba."

"Humjui, na umemweka mahali pa mke wangu." Hakupandisha sauti. Heri angepandisha. "Basi waambie watu. Maana mimi mwenyewe nimeshaanza kumtafuta katika miaka ya ndoa yangu."

Nikashika kipaza sauti. Nikasema mzee huyu ni mwalimu wa Sekondi, Mama Mkubwa hakuwahi kumwona, na mimi ndiye niliyemtoa mtandaoni. Kicheko kikaanza mahali fulani. Mjomba Agyekum akageuza kichwa, kicheko kikafa. Baba Gyasi akafumba macho, akashusha pumzi ndefu.

Pokuaa hakucheka. Alikuwa ameshakimbilia kwa Ntow. Kabla jeneza halijanyanyuliwa akarudi na picha za Mama Mkubwa na gundi, akapita safu kwa safu, akimfunika yule mwenye ndevu kijitabu kwa kijitabu.

Jumapili, 17 Agosti.

Baada ya ibada ya shukrani Pokuaa ametangazwa katibu. Watu wamepiga makofi kuliko ilivyohitajika.

Mimi sikufukuzwa. Mjomba Agyekum amesema niandike barua ya kumwomba radhi Baba Gyasi na ukoo mzima, isomwe kikaoni Jumatano. Akanishika bega kwa nguvu. "Kwa maneno yako mwenyewe, Yaw. Yako."

Nimekaa mezani tangu mchana. Maneno yangu hayana uzito unaofaa. Kwa bahati nimenunua bando, nikapata barua nzuri kupita kiasi: kampuni fulani ya mabasi inawaomba radhi wateja wake. Nimeuhifadhi ukurasa mzima. Nimetoa "abiria", nimeweka "wanaukoo". Kuna basi dogo kwenye kona lisilokubali kufutika. Nimelifunika kwa ua.