Bloku Haina Nyama

Jumatatu, 4 Agosti

Leo ni leo! Injini yetu ya zamani imetoka garini na kwenda zake kwa muuza vyuma chakavu. Mahali pake nimepewa bloku, yaani kiwiliwili cha injini chenye silinda, iliyotumika, kubwa zaidi, tupu. Wanaume wanne wameibeba hadi sebuleni huku wakinitukania ukoo. Muuza vyuma ameapa kwa mama yake mzazi kwamba haijawahi kuchongwa, yaani silinda zake hazijapanuliwa. Nitaivisha pistoni za kasi, na Jumapili binti yangu ataingia chuoni kwa mngurumo. Nilimwahidi tangu yuko darasa la saba: siku ya chuo, baba ndiye atakayempeleka. Si basi. Si mjomba. Baba.

Mke wangu amekuta gari halina injini. Ameuliza kama ile ya zamani ilikuwa mbovu. Nimesema haikuwa mbovu, ilikuwa nyonge. Ameingia chumbani akafunga mlango taratibu. Afadhali angeubamiza.

Jumanne, 5 Agosti

Nimepima. Kitaalamu! Wengine huagiza pistoni kwa kukisia. Mimi nina kalipa, kipimo cha meno mawili. Nimefuta silinda zote kwa mafuta ya taa na shuka (shuka la nani, tusiulizane). Nimepima mdomoni. Saizi ya kiwandani, barabara! Meno ya kalipa ni mafupi, hayafiki katikati, basi nikaipindua bloku nikapima kitakoni. Saizi ile ile! Mdomo na kitako vikipatana, katikati patakuwa na neno gani? Nimeagiza pistoni.

Shemeji, kaka wa mke wangu, amepita. Mtaani wanamwita Mpolepole, maana hajawahi kulipita gari lolote ila lililoegeshwa. Amesema Jumapili ana nafasi, anaweza kumpeleka mpwa wake. Nimemwambia asante, hatuendi mazishini. Amecheka. Huyu mtu hakasiriki, na hilo ndilo linalonikera.

Alhamisi, 7 Agosti

Pistoni zimefika. Zinang'aa! Nimezipanga mezani mbele ya binti. Amesema ni nzuri, kisha ameuliza kama gari litatembea. Nimemwambia litaruka. Amesema kutembea kunatosha, baba. Mtoto hana makuu, amemrithi mama yake.

Ijumaa, 8 Agosti

Siku ya mkosi.

Nimepeleka bloku kwa Spika, fundi wa kuchonga silinda. Jina amepewa kwa haki: mashine zimemharibu masikio, kila neno analipigia kelele, na karakana yake inatazamana na kituo cha basi. Nilitaka apitishe msasa tu, kazi ya asubuhi moja. Akauliza nani kapima. Nikasema mimi, kwa fahari. Akauliza nimepima wapi. Mdomoni na kitakoni, nikasema. Akazima mashine. Hapo nikaanza kuogopa.

Kumbe ringi za pistoni, zile pete zake, hazifiki mdomoni kabisa, wala kitakoni. Zinasugua katikati, miaka nenda miaka rudi, na tumbo la silinda ndilo linaloliwa. Nilipopima mimi ndipo hasa ambapo hapajaguswa! Spika akasema mgonjwa anaumwa tumbo, mimi nimempima kisigino. Akateremsha geji yake yenye uso kama saa. Mdomoni mshale ulitulia, tumboni ukakimbia. Akaigeuza geji, ukakimbia zaidi. Silinda si duara tena, ni yai. Akatumbukiza pistoni yangu mpya. Ikacheza mle ndani kama kokwa kwenye kopo.

Nikasema basi achonge, apanue mpaka duara lirudi. Akamulika njia za maji, akagongagonga ukuta wa silinda kwa nyundo ndogo, akanguruma: HAINA NYAMA! Kutu imeula ukuta kwa nyuma, ukichongwa utatoboka. Kituo kizima kikageuka. Mama mmoja akauliza hiyo ni bucha gani, aiepuke.

Nimekimbia kwa muuza vyuma. Amesema hakunidanganya: haijachongwa, na sasa ni wazi kwamba haitachongwa. Na injini yetu nyonge? Ameshaiuza. Inaendesha mashine ya kusaga, na mwenye mashine anaisifu sana.

Nimekaa kwenye kiti cha dereva cha gari lisilo na injini mpaka mke wangu akaja kuniita nile. Hakunigombeza. Nina uchungu. Sina neno jingine.

Jumapili, 10 Agosti

Mpolepole amefika mapema, shati limenyooshwa. Wamepakia sanduku, godoro, ndoo na beseni. Imebaki nafasi ya mtu mmoja, na mke wangu akapanda. Binti amenikumbatia akasema nisijali, nitampeleka siku nyingine. Siku ya kwanza ya chuo haina siku nyingine, naye anajua, ndiyo maana hakunitazama usoni.

Nikawapungia. Kwa mwendo wa Mpolepole mkono ulichoka, na kona hawajaifikia. Nikapunga kwa mkono wa pili. Kisha nikaingia ndani nikalia, nimejiegemeza kwenye bloku iliyorudishwa sebuleni. Ni ya baridi sana.

Jumatano, 27 Agosti

Habari njema! Ijumaa chuo kinawaruhusu kuja nyumbani. Binti amepiga simu, na amesema nikamchukue mimi. Mimi! Amewaambia wenzake kwamba baba anakuja. Atanisubiri getini na begi lake.

Mpolepole amesafiri kikazi, ameniachia gari lake. Nakiri ni uungwana. Amesema ni zima, niweke mafuta tu, nisiguse kitu. Mke wangu naye amerudia: nisiguse kitu. Asubuhi, mchana, na tena akiwa anapiga mswaki, povu mdomoni.

Sikugusa. Nimewasha tu nikasikiliza. Kuna kamlio. Kadogo sana, asiye na sikio hawezi kukasikia. Sasa nimchukue mwanangu, wenzake wakitazama, kwa gari lenye kamlio? Baba gani huyo? Nimefungua kifuniko cha juu cha injini, kuangalia tu. Na mtu ukishafika hapo, pistoni ni kunyoosha mkono. Zote ziko mezani sasa, safi, nimezipanga kwa mstari. Sijakiona kinacholia, lakini nakikaribia.

Keshokutwa bado mbali. Nimempigia binti kumwambia kile kiti cha basi alichojiwekea akiba, endapo nitashindwa kufika, akifute.