Kipande cha Reli cha New Site

Jumatatu, 4 Machi
Makumbusho yetu ya reli hapa mtaa wa New Site, Juba, yana chumba kimoja, watu watano wa kujitolea, na mgeni hata mmoja hakuna. Watu wanauliza treni ilipita Juba lini, eti haijawahi kufika. Wajinga! Jumapili tunachagua mtunza ufunguo. Nautaka ufunguo huo kuliko chakula. Mwenzetu Ojok naye anautaka. Babu yake alifanya kazi kwenye treni huko Gulu, kwa hiyo kaleta kofia na filimbi, na anaipuliza kutwa. Babu yangu mimi aliuza ndizi.

Jumatano, 6 Machi
Bahati! Kengele ya kanisa ni kipande cha reli! Kimening'inia kwenye mwarobaini, kililetwa na lori kutoka Wau zamani. Reli halisi, na wanaigonga kwa nyundo tu! Nimemwambia katekista Pitia kwamba chuma kile kimechoka, nitampa rimu ya lori kutoka dukani kwangu soko la Custom, ina sauti tamu. Akasema kwanza awaulize akina mama wa kanisa. Nikasema akina mama wana kazi nyingi, tusiwasumbue. Akakubali. Akili ninazo!

Ijumaa, 8 Machi
Reli ni nzito, jamani. Bodaboda wa kwanza alikimbia. Wa pili alikubali, tukaanguka mara mbili. Mgongo umekwisha. Lakini reli imetundikwa makumbusho, na kibao: IMELETWA NA CONSTANTINE. Ojok hakupuliza filimbi siku nzima. Raha iliyoje!

Jumapili, 10 Machi
Balaa. Asubuhi Pitia kagonga rimu. Sasa, shule ya jirani nayo hugonga rimu, saa ya uji. Waumini wakabaki kitandani. Watoto themanini wakaja kanisani na vikombe. Padri akahubiria vikombe.

Pitia akanitaja kabla hata hajaulizwa. Mama Kiden, kiongozi wa akina mama, akaingia makumbusho katikati ya hotuba yangu ya kuomba kura, akasema maneno yangu ni kalam fadi, upuuzi mtupu. Akachukua nyundo, akaigonga reli palepale.

New Site nzima ikaja mbio, na Biblia mkononi. Watu mia mbili! Nikadhani wamekuja kunisikiliza, nikaanza hotuba upya. Wakaibeba reli mabegani wakiimba, Ojok mbele na filimbi yake. Wenzangu wakampa ufunguo njiani, bila kura. Nimeumia. Kweli nimeumia.

Jumatatu, 11 Machi
Mama Kiden karudisha rimu yangu. Malesh, pole, kasema, huku anacheka. Nimejuta sana, hadi saa nne. Saa nne kaja mteja, akataja kwamba shule moja kule Jebel inagonga kipande cha reli kirefu mara mbili ya kile cha kanisa.

Mara mbili! Na rimu bado ninayo. Kosa langu lilikuwa bodaboda tu. Safari hii nakodi pikapu.