Shamba la Philemoni, Kutoka Barabarani

Tangazo lilibandikwa nje ya boma la Arusha: Serikali ya Mwingereza itamlipa kila mwenye shamba la mteremko atakayechimba matuta ya kuzuia udongo, shilingi kumi kwa kila tuta. Wakulima walilisoma wakakuna vichwa. Philemoni alilisoma mara mbili, akaenda kupiga pasi suruali.

Shamba hakuwa nalo. Baba yake alikuwa fundi cherehani aliyehamia kutoka Uchagani. Yeye alizaliwa Ngarenaro, mjini Arusha, na kahawa aliijua ikiwa kikombeni. Lakini kukosa shamba ni jambo dogo kwa mtu mwenye tai.

Akampata Mama Tabea, mjane wa juu ya Usa River, mwenye shamba linaloteremka kutoka barabarani hadi kijitoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umevaa hivyo, kuna msiba?"

"Unakuja. Mwezi ujao Serikali inachukua mashamba yote yasiyo na matuta. Ila lako likiwa kwa jina langu, mtu wa mjini, hawaligusi. Kuchimba nitagharamia mimi. Mambo yakitulia nakurudishia."

Hilo la kurudisha alilisema akiangalia migomba.

Mama Tabea akalitazama shamba lake, toka juu hadi chini. Watoto wake wanne walikula na kusoma kwa shamba hilo, na lingine hana.

"Haya, tuandikiane," akasema. "Andika: shamba la Philemoni ni kutoka barabarani mpaka kwenye masale."

Philemoni akachungulia. Kule chini kijitoni kulikuwa na safu ya mimea yenye majani marefu. "Yale?"

"Kwani unaona mengine?"

Hakuona. Akaandika kwa mwandiko wa kupendeza, mama akatia dole gumba.

"Sasa wachimbaji," akasema Mama Tabea. "Huku majirani hawalipwi. Mwenye kazi anachinja na kutoa pombe. Na mwenye kazi ndiye wewe."

Philemoni akauza baiskeli. Akanunua mbuzi wawili na pombe ya ndizi ya kutosha harusi.

Siku ya kazi walikuja watu arobaini. Vigingi vya kupimia matuta vikapungua.

"Tupande masale badala yake," akasema Mama Tabea. "Yanashika udongo."

"Pandeni, mama, pandeni!" akajibu Philemoni, mdomo umejaa nyama. Safu ya kwanza ikapandwa hatua nne kutoka barabarani.

Jioni akafika bwana shamba, Kaanaeli, Mmeru asiyecheka bila sababu. Akahesabu matuta thelathini.

"Kazi safi. Ya nani?"

"Yangu, bwana. Karatasi hii hapa."

Kaanaeli akasoma. Akatembea hatua nne, akasimama. "Shamba lako linaishia hapa."

"Hapa wapi?"

"Sale likipandwa, huo ni mpaka. Wewe si Mchaga? Nyumbani hukufundishwa?"

"Lakini masale ya kwenye karatasi ni yale ya kule chini!"

"Na haya nani aliruhusu yapandwe?"

Majirani arobaini, mbuzi wa Philemoni wakiwa bado tumboni, wakajibu kama kwaya ya Jumapili: "Yeye mwenyewe!"

Philemoni akamgeukia mjane. "Mama, umeniua."

"Nimekuua wapi, baba? Nimekupa shamba."

Kaanaeli akaandika matuta thelathini kwa jina la Tabea. Kisha akafungua ukurasa mpya.

"Na wewe, mwenye shamba la hatua nne. Mbona halina tuta? Kuna faini."

"Nalirudisha! Silitaki!"

"Kurudisha ni barazani, Jumatatu. Tuta ni leo."

Philemoni akawaangalia majirani kwa macho ya kuomba huruma.

"Utachinja nini?" akauliza mzee mmoja, kwa upole kabisa.

Philemoni akavua tai. Mama Tabea, ambaye hakuwa na roho mbaya, akamwazima jembe, na majirani wakakaa kwenye majani kumsaidia kwa mawazo.

"Inama zaidi, Bwana Mjini!"

"Usilipige kama nyoka!"

"Rudi chini kidogo, baba," akasema Mama Tabea. "Hapo umeshaingia barabara ya Serikali."