Nilivyoanika Mtihani wa Mdogo Wangu

Niwataje kabisa waliokuwepo, maana ikifika jioni Kibirizi nzima itadai ilikuwepo: mimi, mdogo wangu Juma, mwalimu wake wa chuo cha mifugo, na jirani yangu Mama Furaha. Basi. Wengine wote ni waongo.

Leo nimejiaibisha mchana kweupe.

Mnajua kazi yangu ni kuanika dagaa. Wazazi walipofariki niliacha shule nikashika chanja za kuanikia, Juma akasoma. Kazi hii ina adui mmoja: unyevu. Dagaa wakilala na unyevu wanaingia funza, mtaji umekwenda. Kwa hiyo nikiona kitu kibichi kinanuka, mkono unaenda wenyewe kwenye chumvi.

Juma yuko mwaka wa mwisho. Wiki iliyopita alileta nyumbani chupa za mdomo mpana, eti paa la maabara linavuja. Ndani yake mavi ya ng'ombe yaliyochanganywa na vumbi la mbao. "Dada, usiziguse. Ni mtihani wangu." Sawa. (Miaka yote naungua jua, kumbe namsomesha mtu mavi.)

Leo asubuhi ametoka kwenda kumpokea mwalimu, aje kuukagua. Mimi nafagia, nachungulia. Lahaula! Vijidudu vyembamba kama nyuzi vinapanda kwenye kioo kwa ndani, vinang'aa kwenye matone ya maji. Maskini mdogo wangu, mtihani umeingia minyoo!

Sikumpigia simu. Dada mkubwa hapigi simu, anaokoa. Nikamwaga vyote kwenye turubai, nikatandaza vizuri kama dagaa wa daraja la kwanza, nikanyunyiza chumvi. Jua la leo mnalijua.

Mama Furaha akapita. "Dada Asha, leo unauza nini?"

"Elimu," nikamjibu.

Mchana Juma na mwalimu wakafika, Mama Furaha naye karudi kuchungulia. Nikamwamkia mwalimu, na kabla hajaketi nikawahi: "Mwalimu, usihofu. Yalishaanza kuharibika, minyoo tele. Nimeiua yote!"

Juma akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Dada," mwalimu akasema taratibu, "hiyo minyoo ndiyo mtihani."

"Ndiyo nini?"

"Alikuwa anaikuza. Mayai yamo kwenye mavi, ukiyapa joto na unyevu yanaanguliwa. Tunaangalia ni minyoo ya aina gani, ndipo tujue ng'ombe apewe dawa ipi."

Yaani mimi maisha yangu yote napigana na wadudu, mdogo wangu anawafuga kwa idhini ya chuo! Na bado mimi ndiye nalipa ada!

Mama Furaha alicheka mpaka akaketi. Juu ya turubai. (Hapo hata Juma alicheka kidogo.)

Mwalimu amempa nafasi moja tu. Akikosa minyoo, anarudia mwaka. Tukakimbia Rusimbi kwa mzee mwenye ng'ombe waliotoa yale mavi, nami nimebeba ndoo.

"Karibuni!" akatupokea kwa furaha. "Juma, nimefuata ushauri wako. Jana nimewapa wote dawa ya minyoo!"

Nilitazama ndoo. Ndoo ikanitazama.

Kwa hiyo nadaiwa minyoo. Ya ng'ombe, na iwe hai. Mwenye ng'ombe aliyekonda, anayeharisha, ambaye hajapewa dawa, anitafute haraka, nitamfuata huyo ng'ombe nyuma kutwa nzima. Chumvi naiacha nyumbani, naapa. Wenye ng'ombe wazima wa afya, tafadhali msinipotezee muda.