Kupoza Paneli ya Kwaya

Jumatatu, 7 Septemba 1998. Kitanga.

Kikao cha kwaya baada ya mazoezi. Ajenda: mimi. Jana kinanda chetu cha betri ya sola kilikata roho katikati ya wimbo wa matoleo, jua likiwaka vilivyo, na mimi ndiye fundi mitambo. Havyarimana, mwimba besi na fundi baiskeli, akasimama kupendekeza ufunguo wa sanduku la mitambo apewe mtu anayejua kazi. Yaani yeye! Mtu wa kuziba pancha!

Mama Uwimana, mwalimu wetu wa kwaya, hakunifokea. Afadhali angefoka. Alisema Jumapili mtu wa kurekodi anakuja kutoka Kasulu mjini na mashine zake, nazo zitakula betri moja na kinanda. Hatarudi tena mwaka huu. Kwaya imelima maharage msimu mzima kwa ajili ya kaseti hii. Kisha akasema lile tunalolijua wote: dada yake alibaki Burundi, hawajasikiana tangu vita, na wachuuzi wa Nyabibuye, kule mpakani, wamekubali kuivusha kaseti. Anataka dada yake ajue kwamba yuko hai na bado anaimba. Akanitazama. Nikatazama viatu vyangu.

Uamuzi: betri ikiisha Jumapili, ufunguo kwa Havyarimana. Haiishi!

Jumanne, 8 Septemba.

Nimemfuata Khatibu, fundi wa Kigoma aliyekuja kufunga sola ya friji la zahanati. Akasema paneli inataka mwanga lakini haitaki joto. Ikichemka, nguvu inashuka. Yetu nimeilaza juu ya bati la kanisa, na bati la mchana unaweza kukaangia mayai. Akasema niiinue kidogo, nafasi ya kiganja, upepo upite chini. Basi. Nikamshukuru kwa heshima. Moyoni nilisikitika. Mtu kusafiri juu ya lori kutwa nzima kuja kutusimulia upepo!

Sisi Waha tumepoza vitu kabla sola haijazaliwa. Mtungi wa pombe ya ndizi kwa bibi yangu ulifunikwa nini? Majani ya mgomba, mabichi, yenye maji. Nikapanda ngazi na mzigo wangu. Nikaifunika paneli yote, kona kwa kona. Nikapenyeza mkono: baridi safi! Nikashuka nikipiga mluzi.

Jioni betri haina kitu. Havyarimana akapita akaniuliza, mbele ya sauti ya kwanza nzima, kama padri ameniruhusu kuvundika ndizi juu ya kanisa. Walicheka mpaka wakashikana mabega. Wivu tu.

Jumatano, 9 Septemba.

Kosa nimeliona: majani yanakauka. Nimeteremsha paneli na kuiegemeza nyuma ya sakristia, upande usiofika jua. Hapo hata Agosti ukuta una ukungu. Baridi ya ajabu.

Betri: sifuri. Khatibu akapita, akasimama, akavua kofia, akaivaa tena. Akaniuliza kama neno mwanga nililisikia. Nikamjibu nililisikia vizuri sana, ila nashughulika kwanza na joto, mwanga zamu yake itafika. Akaondoka bila kuaga. Watu wa ziwani hawana subira.

Alhamisi, 10 Septemba.

Ushindi! Paneli imerudi juu ya bati tangu asubuhi. Kabla jua halijakomaa nikaimwagia ndoo ya maji polepole, tena nyingine, huku Khatibu ameniazima mita yake. Sindano ikapanda! Kwa macho yangu! Khatibu akakiri kwamba maji yanasaidia, lakini akaonya nisije nikamwaga ya baridi kioo kikiwa cha moto. Akarudia habari ya upepo. Huyu bwana ana wimbo mmoja.

Mama Uwimana alileta viazi vitamu, akaniambia alijua sitamwangusha. Nilikula nikiwa na furaha kubwa. Nikawaza: ikiwa maji ya kawaida yamefanya hivi, ya baridi kali je?

Ijumaa, 11 Septemba.

Maji ya chemchemi, yamelala nje kwenye mtungi na baridi ya usiku. Saa saba mchana. Bati limeniunguza magoti. Nikainua mtungi, nikamwaga yote kwa mkupuo.

Paa!

Kioo chote kimejaa nyufa kama utando wa buibui. Hakijaanguka, lakini hakuna sehemu nzima ya kuweka kidole. Nimeshuka. Nimekaa chini ya ngazi. Naogopa, naandika wazi, naogopa. Si ufunguo tena. Namwona yule mama na viazi vyake.

Nimeifunika kwa majani. Safari hii si kwa kupoza.

Jumamosi, 12 Septemba.

Havyarimana ameona majani, akapanda kunicheka. Hakucheka. Alishuka, nikajua anakwenda moja kwa moja kwa Mama Uwimana. Kumbe alikwenda karakana. Akarudi na kariya mbili za baiskeli, zile za kubebea mizigo, na waya. Akafunga kariya juu ya bati, akaiweka paneli juu yake, upepo ukawa unapita chini. Akapaka gundi ya pancha kwenye nyufa kubwa. Nikamwambia anaharibu. Akaniomba nimshikie ngazi na nifunge mdomo.

Betri ikaanza kujaa. Paneli iliyopasuka! Siamini.

Jumapili, 13 Septemba.

Nilifika alfajiri na ndoo moja tu, ya tahadhari. Havyarimana alikuwa ameketi kwenye ngazi. Akaniomba kwa upole niende nikapange viti.

Wamerekodi baada ya misa. Mashine zikala, kinanda kikala, betri ikawavumilia mpaka wimbo wa mwisho, ule aliotunga Mama Uwimana. Katikati ya ubeti akamtaja dada yake kwa jina, Manirambona, jambo ambalo halikuwemo kwenye mazoezi. Hakuna aliyekohoa. Mtu wa kurekodi alipozima, mama akakaa chini akasema kwa Kirundi Mana yanje, Mana yanje, yaani Mungu wangu. Nililia. Hata besi walilia.

Kisha akamkabidhi Havyarimana ufunguo. Mimi nimepewa viti.

Jumatatu, 14 Septemba.

Nimetafakari kwa utulivu. Watu wote wanamsifu Havyarimana na kariya zake. Lakini tuangalie ukweli. Wiki nzima paneli nzima, betri tupu. Paneli imepasuka Ijumaa, betri imejaa Jumamosi. Nani aliipasua? Upepo unapitaje ndani ya kioo kisicho na nyufa? Hauwezi! Joto lilikosa pa kutokea, nami nikalifungulia mlango. Kaseti ile ni kazi yangu, na siku moja watakiri.

Sina kinyongo. Leo muuguzi wa zahanati amelalamika kwamba friji la chanjo linalegea mchana, na Khatibu amekwisha rudi Kigoma. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, paneli yake ni mpya mno, bado haipumui. Nitaipitia kesho asubuhi.

Nimeazima nyundo.