Mtihani wa Uuguzi na Ukuta wa Saluni

Jumatatu, 4 Machi

Mtihani wa kuingia chuo cha uuguzi ni Jumamosi ya wiki ijayo. Siku kumi na mbili! Tangazo lilibandikwa tangu mwezi wa kwanza. Nikalipiga picha kwa simu, nikajisikia kama nimeshaanza kusoma. Chuo hakipokei aliyezidi miaka thelathini, na mimi natimiza thelathini na moja mwezi wa saba. Yaani ni safari hii, au nisuke vichwa vya watu mpaka vidole vigome.

Nimepiga hesabu ya muda. Saluni inafunguliwa saa mbili asubuhi, inafungwa saa moja jioni. Mapumziko ya mchana ni dakika thelathini, na Bosi huzipunguza kwa kukohoa. Nyumbani nina kama saa moja kabla macho hayajafunga duka. Na tatizo ni meza. Nyumba nzima ya kaka yangu ina meza moja yenye mwanga wa maana, na meza hiyo ina mwenyewe: mke wake, wifi yangu, ambaye anafanya mtihani huohuo! Ana watoto wawili, anashona sare za shule tangu asubuhi, na bado ikifika jioni amekaa pale na daftari. Anasoma ukurasa, anafunua, anasoma mwingine. Hana mbinu hata moja. Namwonea huruma.

Jumanne, 5 Machi

Mpango wa kwanza: kumwondoa wifi mezani. Nimemvuta kaka pembeni, nikamwambia kwa sauti ya huruma kwamba mkewe anaharibu mgongo. Mtu ameshinda kwenye cherehani, halafu jioni anakalia kigoda kigumu! Nikamshauri amwambie awe anasomea kitandani.

Kaka amesikia vizuri kuliko nilivyotaka. Jioni karudi na kiti chenye mto na egemeo. Wifi amekaa humo tangu saa kumi na mbili, hainuki hata kunywa maji. Tena amenishukuru! Eti hajawahi kupata wifi mwenye roho kama yangu. Mimi nimesoma nimekaa sakafuni, kitabu juu ya ndoo. Nusu ukurasa, kisha usingizi.

Jumatano, 6 Machi

Nimepata! Nimeipata nikiwa nasuka mistari kichwa cha mama mmoja asiyepumzika kuongea. Kwa siku natazama kioo saa kumi. Saa kumi! Wifi na kiti chake hawafikishi hata mbili. Nikibandika masomo ukutani nyuma ya viti vya wateja, nitakuwa nayasoma kwenye kioo huku mikono inafanya kazi.

Nimebandika karatasi sita wakati wa mapumziko ya mchana. Nikageukia kioo kwa furaha. Kila kitu kimegeuka! Herufi zote zinatazama upande wa pili kama zimenisusia.

Sikukata tamaa. Jioni hii yote nimeandika upya, kila herufi kinyumenyume, ili kioo kizinyooshe. Kazi ya mateso. Wifi amepita, akaniuliza kwa nini nisiandike kawaida tu na kuziweka mfukoni. Nikamwambia kila mtu ana njia yake. Yeye kamaliza sura nzima ya mfumo wa damu. Mimi nimemaliza kalamu.

Ijumaa, 8 Machi

Karatasi mpya zimekaa ukutani. Kwenye kioo zinasomeka vizuri kabisa! Mapigo ya moyo, joto la mwili, kazi ya ini. Nilikuwa nasuka na kusoma, nasuka na kusoma, najiona mjanja kuliko dunia nzima.

Saa nne mteja kageuza shingo, akaona ukuta. Akakaza macho. Akauliza kwa kunong'ona ile ni lugha gani. Kabla sijajibu, wa kiti cha pili kadakia: maandishi ya namna hiyo ni dawa, mama yake mdogo alishawahi kuyaona. Nikasema jamani, hilo ni ini. Wakatazamana. Kutaja ini ndiyo nimeharibu kabisa. Mmoja kaondoka na taulo letu kichwani.

Bosi kaniita nyuma ya pazia, akasema nikifukuza wateja wake nitaondoka na ukuta wangu mgongoni.

Jumamosi, 9 Machi

Nilidhani leo tutakaa tupu. Nimekuta foleni mpaka nje! Yule aliyekimbia na taulo amesambaza habari kwamba saluni yetu ina maandishi ya kukuza nywele. Watu wanataka kiti kilicho karibu na ukuta. Bibi mmoja kaomba aruhusiwe kugusa karatasi ya figo kwa kisogo.

Bosi, ambaye jana alitaka kunila nyama, leo ananiita mwanangu. Anataka niandike karatasi nyingine kumi, ukuta wote ujae. Nimejaribu kumweleza kwamba ni masomo. Akanikonyeza. Kasema siri hiyo itabaki kati yetu wawili.

Nimesuka vichwa saba. Vichwa saba! Sikupata mapumziko ya mchana wala sekunde ya kutazama kioo, maana kila kiti kina mtu amesimama nyuma anasubiri, na migongo yao imeziba kila kitu. Vidole vinawaka moto. Nimefika nyumbani, nimelala na viatu.

Jumatatu, 11 Machi

Siku tano. Hesabu za asilimia bado zinanichenga. Muuguzi anatakiwa kujua kupunguza dawa kwa asilimia, mimi najua kupunguza ncha za nywele tu.

Lakini leo mungu wa wasusi kanikumbuka. Kaingia mama mmoja mwenye filimbi shingoni, na aliyemtangulia akamsalimia, shikamoo mwalimu. Mwalimu! Nikamdaka kabla hajachagua kiti. Anataka rasta ndogondogo kichwa kizima. Nikasuka upande wa kushoto haraka kama naibiwa. Upande wa kulia ukiwa bado umesimama kama mto uliopasuka, nikaweka chanuo chini. Nikamweleza kwa heshima kwamba vidole vyangu huchoka nikiwa na swali kichwani, na swali lenyewe ni la asilimia.

Kajitazama kwenye kioo. Kaona hawezi kwenda popote na kichwa kile. Akaanza kufundisha. Saa mbili nzima! Nikawa nasuka rasta tano, naandika kwa kalamu kwenye mkono wangu, nasuka tano. Alikuwa na sauti ya mamlaka. Mkono ulijaa mpaka kwenye kiwiko.

Wakati anavaa viatu nikamuuliza anafundisha hesabu shule gani. Akashangaa. Hesabu? Yeye anafundisha michezo, mbio na mpira wa pete. Hesabu alifeli mara mbili. Kasema mtu ameshika nusu ya kichwa chako, unamjibu chochote anachotaka.

Jioni wifi kauona mkono wangu. Akaugeuzageuza, akasema kwa upole kwamba karibu yote si sahihi. Akachukua futi yake ya kupimia nguo, akanionyesha asilimia kwenye sentimita mia, mambo ya dakika tano. Nikamshukuru. Ila nimeamua kubaki na ya mkononi, maana hayo nimeyatolea jasho.

Jumatano, 13 Machi

Wifi ameleta hoja. Tusome pamoja, yeye aniulize, mimi nimuulize. Kasogeza kiti chake, akaweka kigoda pembeni. Kasema tukiingia wote wawili tutakuwa tunatembea pamoja kwenda chuoni.

Nilikaribia kukubali. Halafu nikashtuka. Mtu anayeongoza hamwiti mpinzani wake mezani bila sababu! Bila shaka anataka kujua mbinu zangu. Nikamwambia mimi husoma vizuri nikiwa peke yangu. Kanitazama kidogo, akasema sawa wifi, kigoda kipo siku yoyote. Nimekaa chumbani nikijaribu kukisia maswali yatakayotoka. Nimekisia sita. Sijui jibu la hata moja.

Jumamosi, 16 Machi

Nimetoka kwenye mtihani.

Maswali sita niliyokisia, hakuna lililotoka. Lililotoka ni joto la kawaida la mwili wa binadamu. Nikafumba macho, nikaiona karatasi yangu kwenye kioo, safi kabisa: nyuzi 73. Nikaandika 73. Nikaendelea. Katikati ya swali la tisa ndipo nikaweka kalamu chini. Nyuzi 73 si mtu, ni mchuzi! Usiku ule wa kuandika kinyumenyume niligeuza kila tarakimu, nikasahau kugeuza mpangilio wake, ndiyo 37 ikawa 73. Ya mapigo ya moyo nayo vilevile. Nikarudi kufuta, karatasi ikatoboka.

Hesabu za asilimia nimefanya za mwalimu wa mbio. Mgonjwa wangu kwenye swali la ishirini amepewa dawa ya ndoo mbili.

Wifi alikaa safu ya mbele. Aliandika, akapitia, akafunga kalamu. Tukiwa tunarudi akaniuliza ilikuwaje. Nikasema ilikuwa rahisi.

Ijumaa, 22 Machi

Majina yamebandikwa. Wifi yupo, wa nne kutoka juu. Mimi sipo.

Niliisoma orodha mara tatu, juu kwenda chini na chini kwenda juu. Halafu nikaingia kwenye choo cha wageni wa chuo nikalia kwa sauti, bila aibu. Miaka kumi na mmoja nimesimama nyuma ya vichwa vya watu. Mama yetu alipolazwa, muuguzi mmoja ndiye aliyekaa naye akamshika mkono, na tangu siku hiyo sijataka kazi nyingine yoyote. Na nimeikosa kwa ujinga wangu mwenyewe. Hili naliandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma.

Nilipotoka, wifi hakuwa amesimama mbele ya orodha akifurahi kama wenzake. Alikuwa kwenye dirisha la ofisi, anabishana na karani. Akarudi mbio na habari zangu. Nimepungukiwa alama mbili tu! Na waliopungukiwa zisizozidi tatu wanaruhusiwa kurudia hesabu, hesabu peke yake, Jumatano ijayo. Ameshaniandikisha. Nilimkumbatia mpaka akalalamika.

Jumamosi, 23 Machi

Sijawahi kuwa na bahati kama hii. Nimemwomba Bosi ruhusa nikitegemea matusi. Kanipa mpaka Jumatano, bila kinyongo. Kasema wateja wanafuata ukuta, hawanifuati mimi.

Wifi amenihamishia meza. Kiti cha mto ni changu. Kaka amechukua watoto kwenda nao kazini ili nyumba iwe kimya. Wifi amepanga sura nne tu za kusoma, amesema atakaa nami kila jioni mpaka nielewe, na anaamini nitapita. Siku nne nzima, mwalimu ndani ya nyumba! Mtu mwingine angesoma tu, akaridhika.

Lakini jana yule karani wa chuo aliropoka kitu. Mama anayetunga maswali ya hesabu ana nywele mpaka kiunoni, na kila mwisho wa mwezi anasukwa kwenye saluni moja upande wa pili wa mji. Mwenye saluni hiyo nilijifunza naye kazi. Nimeshampigia, kasema mteja huyo anakuja Jumatatu. Jumatatu asubuhi nitakuwa pale, nimevaa aproni yao.

Wifi ameniwekea penseli mbili zilizochongwa juu ya daftari. Moja nimeandikia anwani ya saluni. Ya pili nitakwenda nayo, ina ncha nzuri ya kugawia nywele.